Unga wa muhogo mchungu: ulowanishe kabla ya kuupeleka jikoni

Kwetu Newala, juu ya uwanda wa Makonde, maji ndiyo yaliyopanga siku yetu. Bibi aliteremka bondeni alfajiri na ndoo yake, akarudi jua limeshapanda. Maji ya namna hiyo huyamwagi kwenye pipa ili uloweke muhogo siku tatu. Kwa hiyo muhogo mchungu tuliumenya, tukaupasua, tukauanika ukawa makopa, makopa yakatwangwa yakawa unga. Miaka ya mvua nzuri hatukuona shida.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema. Mahindi yakanyaukia shambani, kunde hazikuzaa, tukabaki na ugali wa muhogo asubuhi na jioni, mara nyingi kwa chumvi tu. Ulikuwa mchungu hadi kooni. Baada ya kula kichwa kinauma, kizunguzungu, wadogo wanatapika. Kisha binti wa shangazi yangu, mtoto wa miaka tisa, akaamka asubuhi moja miguu imekakamaa. Hakuwa na homa, wala hakuanguka popote. Wa kwanza kumpima alisema ni polio. Majirani wakasema karogwa. Mpaka leo anatembea kwa fimbo, magoti yamebana, akikanyagia vidole.

Jina la ugonjwa ule nilikuja kulisikia chuoni nilipokuwa nasomea kufundisha kemia. Unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kwango kule Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari aitwaye Trolli aliuandika mwaka 1938. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya elfu moja katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Mwaka 1985 ukaonekana Tarime, na huku kwetu Mtwara umewahi kurudi zaidi ya mara moja. Huletwa na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, na huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ukishaingia hautoki, lakini unazuilika, na kinachouzuia ni kazi ya mikono yetu kati ya shamba na sufuria. Ndiyo maana naandika.

Kwanza elewa muhogo wenyewe unafanya nini. Ndani ya chembe (seli) zake kuna kitu kinachoitwa linamarini, ambacho ni sukari iliyoshikana na sumu iitwayo sianidi. Kikiwa peke yake kimetulia. Pembeni, katika kuta za chembe hizohizo, kimekaa kimeng'enya, yaani kitu kinachovunjavunja kingine, kiitwacho linamarase. Viwili hivi havikutani mpaka chembe ipasuke: panya akitafuna, jembe likikata, mchi ukiponda. Vikikutana penye unyevu, kimeng'enya humega linamarini, na mwishowe sianidi hutoka ikiwa hewa. Hewa hiyo ni nyepesi kuruka. Huchemka kwenye nyuzi 26 tu, joto ambalo Mtwara tunalipata kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo muhogo umebeba sumu, na umebeba pia cha kuitolea sumu hiyo. Kazi yako ni kuvikutanisha, kuvipa maji na muda, kisha kuiacha hewa iende zake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mama yangu alikosea vilevile: wanategemea moto. Linamarini yenyewe haivunjiki kwa kuchemshwa. Kinachokufa haraka kwenye maji ya moto ni kile kimeng'enya. Ukiuchemsha muhogo mchungu mzima mzima umemuua mfanyakazi, sumu umeiacha ndani. Muhogo mtamu unachemshwa na kuliwa kwa sababu linamarini yake ni kidogo tangu mwanzo. Na usidhani mbegu moja ina uchungu uleule kila mwaka. Mmea ukibanwa na kiu huzidisha linamarini. Kule Nampula unga wa miaka ya ukame ulipimwa ukakutwa na sianidi zaidi ya mara mbili ya miaka ya kawaida. Mwaka ambao huna chakula kingine ndio mwaka ambao muhogo wako ni mkali zaidi.

Ukiwa na maji ya kutosha, loweka. Menya, na ganda la ndani ulitoe lote, maana maganda yana sumu kuliko nyama. Kata vipande, zamisha kwenye pipa au shimo la maji la kuchimba, funika. Siku ya pili utaona mapovu na utasikia harufu ya uchachu; ni bakteria wanaolainisha nyama ya muhogo na kupasua chembe zake kwa niaba yako. Siku ya tatu bonyeza kipande kwa kidole gumba. Kidole kikizama mpaka kwenye kamba ya katikati, toa, kamua, vunjavunja, anika. Kikigoma, acha siku nyingine. Usihesabu siku tu, kwa sababu wiki ya baridi huchelewesha. Muhogo ulioloweshwa hivi karibu sumu yote imeondoka.

Watu wa Kanda ya Ziwa wana udaga: muhogo uliomenywa unarundikwa, unafunikwa siku tatu nne, unaota ukungu, unakwanguliwa, unavunjwavunjwa na kuanikwa. Ukungu nao hulainisha. Unapunguza sumu vizuri kuliko makopa, ila kwangu kulowesha kunabaki mbele.

Makopa ya kuanika moja kwa moja ndiyo dhaifu. Kipande kikubwa hukauka nje huku chembe nyingi za ndani bado nzima, na kikikauka kimeng'enya hakina tena unyevu wa kufanyia kazi. Hubaki kama robo hadi theluthi ya sumu. Kwa muhogo mkali robo hiyo ni nyingi mno: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Ukilazimika kutengeneza makopa, kata vipande vyembamba au viponde vikiwa vibichi kabla ya kuanika.

Sasa nije kwenye njia iliyonipa moyo kwa watu wa nyanda kavu kama sisi, kwa sababu inatumia maji kidogo kuliko yatakayopika huo ugali. Iliasisiwa na mkemia wa Australia, Howard Bradbury, ikajaribiwa Msumbiji, Mtwara, na baadaye Popokabaka huko Kongo. Ndani ya unga wa makopa bado mmelala vyote viwili, linamarini na kimeng'enya, vimekauka tu. Vipe maji, vitaamka.

Binti wa shangazi yangu hufanya hivi kila siku, na kwake ndiko nilikoiona ikifanyika bila kukosa. Anachukua bakuli la plastiki, anatia unga wa siku hiyo, anausawazisha kwa kiganja bila kuushindilia. Kwa mkaa anachora mstari ndani ya bakuli pale unga ulipoishia. Anamimina maji kidogo kidogo huku anakoroga. Mwanzoni unga unanywea, unashuka chini ya mstari. Asiyejua atafikiri ameharibu. Anaendelea kumimina na kukoroga mpaka rojo zito linapanda tena na kugusa ule mstari wa mkaa. Hapo anaacha.

Kisha anamwaga kwenye ungo au turubai safi na kuutandaza mwembamba, usizidi sentimeta moja. Unene ndio siri, maana ukilirundika rojo, hewa ya sumu inabaki katikati. Juani muda wa saa mbili unatosha, kivulini saa tano. Ukisogeza pua karibu katika nusu saa ya kwanza utasikia harufu kali kidogo. Usikae ukiinusa, na usitandaze ndani ya chumba kilichofungwa. Muda ukifika unausonga ugali kama kawaida, kwa maji yanayochemka, na sianidi iliyosalia nyingi inatoka na mvuke. Ugali wenyewe hutoka laini na uchungu umekwisha. Lowanisha unaopika leo tu, maana ukilaza mbichi utachacha na kuota ukungu.

Njia hii hupunguza sumu iliyobaki kwenye unga mara tatu hadi sita. Unga wa muhogo mkali wa mwaka wa ukame huenda usifike miligramu 10 hata hivyo, kwa hiyo mahali penye maji changanya njia mbili: loweka muhogo kwanza, kisha lowanisha unga.

Kuna upande wa mwili pia. Ini lina kimeng'enya chake, rodanezi, kinachobadilisha sianidi kuwa thiosianeti ambayo figo huitoa kwa mkojo. Lakini kinahitaji salfa, na salfa hiyo tunaipata kwenye protini: dagaa, mayai, maharage, kunde, mbaazi. Anayekula ugali wa muhogo na chumvi pekee amenyang'anywa silaha hiyo. Thiosianeti nayo ikizidi humzuia mtu kutumia aidini, yaani madini joto, ndipo tezi la shingo linapoingia. Kwa hiyo hata kiganja cha dagaa kwenye mchuzi wa mtoto kina kazi, na chumvi iwe yenye madini joto.

Na kisamvu? Majani yana linamarini nyingi kuliko mzizi, lakini kinu kinatusaidia. Twanga mpaka yawe rojo la kijani, si kukatakata kwa kisu. Yaache dakika kumi au kumi na tano, yaoshe, kisha chemsha sufuria ikiwa wazi. Nazi na karanga zitiwe baadaye, maji ya kwanza yakishamwagwa. Mabua na majani yaliyonyauka yasiachwe mbuzi wanapofika.