Mlingoti na Betri Katika Mashua Ndogo ya Tanga ya Kubebwa kwa Trela
Usiupande mlingoti wa mashua ndogo, kwa kuwa uzito wa mtu aliye juu waweza kuipindua. Ulaze mlingoti mashua ikiwa bado juu ya trela, mbali na nyaya za umeme, ndipo ubadilishe taa ya kileleni. Taa ya LED ya wati 2 ikiwaka saa 10 hutumia chini ya ampea-saa 2 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) za betri ya volti 12, kwa hiyo betri kubwa mara nyingi ni mzigo wa bure. Betri ya lithiamu ni nyepesi na chaji yake huweza kutumiwa karibu yote, lakini hudai chaja inayoifaa. Betri ya madini ya risasi, isiyopaswa kushushwa chini ya nusu ya chaji, yatosha kwa matembezi ya siku moja, mradi ifungwe kwa mkanda sakafuni.