Kuunganisha Spika za Studio na Kadi ya Sauti Bila Mngurumo

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, anayerekodi nyimbo za kwaya chumbani kwake, ambaye spika zake zilikuwa zikinguruma hata pale ambapo hakuna wimbo unaopigwa. Ninazungumzia spika za studio zenye amplifaya ndani yake, pamoja na kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwa USB, kama vile Focusrite Scarlett 2i2. Tundu la hedifoni la kompyuta silishauri kabisa kwa kazi ya kumiksi, kwa kuwa halitoi mawimbi ya aina ninayoieleza katika hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza. Zima vifaa vyote, kisha punguza sauti ya kadi na ya kila spika hadi mwisho.

Hatua ya pili. Kwa Windows, pakua draiva ya ASIO (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kadi) kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi yenyewe. Kwa kompyuta za Mac, kadi nyingi hufanya kazi bila draiva yoyote. Baada ya hapo ichague kadi hiyo katika mipangilio ya sauti ya kompyuta na katika programu yako ya muziki pia.

Hatua ya tatu. Nyuma ya kadi kuna matundu mawili ya robo inchi, la kushoto na la kulia, na kila moja hupeleka kebo yake kwenye spika yake. Nunua kebo za TRS, ambazo jeki yake ina pete mbili nyeusi, wala si za TS zenye pete moja. Ndani ya TRS wimbi moja husafiri katika nyaya mbili, moja likiwa limegeuzwa, na spika hutoa tofauti kati ya hayo mawili, hivyo uchafu ulioingia sawasawa katika nyaya zote mbili hujifuta wenyewe. Ikiwa spika ina tundu la XLR (lile la duara la pini tatu), tumia kebo ya TRS kwenda XLR. Adapta za kuunganishwa moja juu ya nyingine ziache dukani.

Hatua ya nne ni umeme, na hapa ndipo muda mwingi hupotea. Ikiwa spika zinanguruma baada ya kuwasha vifaa kwa mpangilio wa hatua ya tano, kwanza tambua sauti unayoisikia. Mngurumo mzito usiobadilika unatokana na umeme wa ukutani, ambao kwetu ni wa 50 Hz. Mlio mwembamba unaobadilika unaposogeza kipanya unatoka kwenye kompyuta. Zima spika, chomoa kebo za sauti kwenye spika, kisha ziwashe tena. Mngurumo ukiendelea, tatizo liko kwenye spika au umeme wake. Ukikoma, unaingia kwa njia ya kebo. Katika hali hiyo zirudishe kebo, kisha chomoa chaja ya kompyuta. Sauti ikitoweka, basi mkondo mdogo unaovuja kutoka kwenye chaja unatafuta ardhi kupitia kebo zako za sauti.

Kwa yule kijana, spika zilikuwa kwenye soketi ya ukutani na kompyuta kwenye ekstensheni, na kila alipopitisha vidole juu ya bati la kompyuta alihisi mtetemo wa kuwasha. Tuliichomoa ekstensheni na kufungua plagi yake: waya wa kahawia ulikuwepo, wa bluu ulikuwepo, lakini pini ile ndefu ya ethi (njia ya usalama inayopeleka umeme ardhini) haikuwa na waya wowote. Tulipoweka ekstensheni yenye nyaya tatu kamili, tukachomeka humo kompyuta na spika zote mbili, mngurumo ulikwisha. Kwa hiyo kagua plagi kabla ya kununua kifaa chochote cha kuondoa kelele, na ikiwa nyumba yenyewe haina ethi, mwite fundi umeme. Ikiwa ethi ni nzima na mngurumo bado upo, ndipo utafute transfoma ya kutenganisha sauti na uiweke kati ya kadi na spika. Kuna watu hukata pini ya ethi ya spika ili kunyamazisha mngurumo. Tafadhali usifanye hivyo kamwe, kwa sababu waya ukigusa bati ndani ya spika, bati lote litakuwa na volti 230 na atakayeligusa anaweza kufa.

Hatua ya tano. Washa kompyuta, kisha kadi, na spika ziwe za mwisho. Wakati wa kuzima, anza na spika.

Hatua ya sita. Panga spika zifanye na kichwa chako pembetatu yenye pande sawa, twita (spika ndogo za sauti nyembamba) zikiwa usawa wa masikio. Piga sauti ya mwimbaji mmoja iliyowekwa katikati na upandishe polepole: inapaswa kusikika kana kwamba inatoka mbele yako, kati ya spika mbili. Ikivutwa upande mmoja, linganisha swichi za sauti zilizo nyuma ya spika. Ikisambaa bila mahali na besi ikapungua, kebo moja imeungwa kinyume, nayo ibadilishwe.