Kulala usiku wa joto Uingereza: kazi inaanza asubuhi

Ukitoka Dar, Mombasa au Unguja huamini ukiambiwa kwamba joto la London litakunyima usingizi. Mimi sikuamini mpaka Julai 2022, kipimo cha Coningsby kule Lincolnshire kilipofika nyuzi 40.3, kiwango ambacho Uingereza haikuwahi kukifikia kabla ya hapo. Usiku ule nilikesha nimekaa ukingoni mwa kitanda, mto umelowa jasho, dirisha wazi, pazia halitikisiki.

Kinachotutesa ni nyumba. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa joto litoke: dari iko juu, ua uko ndani, kuta ni nene. Nyumba za huku zimejengwa joto lisitoke, kwa ajili ya Januari. Matofali yananyonya jua mchana kutwa, na jua la Julai halizami mpaka saa tatu usiku imepita. Kisha yanaurudisha ule moto chumbani. Ukianza kuhangaika saa ya kulala, umeshachelewa.

Kwa hiyo funga madirisha na mapazia asubuhi, kabla jua halijapiga upande wako. Najua inaudhi, sisi tumezoea kufungua nyumba ipate hewa. Lakini nje kukiwa na joto kuliko ndani, unaliingiza mwenyewe. Jioni nje kukipoa, fungua pande mbili hewa ipite. Kama una feni moja, iweke kwanza dirishani ikitazama nje, isukume fukuto. Dirisha la upande wa pili litaleta hewa ya usiku. Ukipanda kitandani ndipo uigeuze. Ila chumba kikizidi nyuzi 35, feni inakupulizia joto tu na kukukausha.

Hapo kimbilia maji na kanga. Chukua kanga kuukuu ya pamba, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika (ya poliesta hainywi maji). Iloweke, ikamue mpaka isidondoshe, jifunike kutoka kifuani hadi magotini. Maji yakikauka yanaondoka na joto la mwili. Kabla ya hapo oga maji ya vuguvugu, si ya barafu. Duveti nzito ya togi 13.5 (togi ni kipimo cha jinsi duveti inavyoshika joto) irudi kabatini, shuka moja ya pamba inatosha. Godoro la sponji nzito hushika joto. Siku mbaya mimi hutandika mkeka sakafuni, na kama nyumba ni ya ghorofa, nashuka chini kabisa.

Mtoto mchanga mlaze na nepi na fulana nyepesi, bila kofia. Na tafadhali, mchana usimfunikie kigari kwa kanga kumkinga jua: hewa haizunguki, na ndani kunapata moto haraka sana.

Wazee ndio wanaonitia hofu zaidi. Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na wengi walikuwa wakiishi peke yao. Mama aliyekuja kukutembelea atakwambia, "Mwanangu, hili nalo ni joto?" Usimuulize kama ana kiu, maana kiu ya mzee huchelewa. Mpelekee maji, akae anywe ukimwona. Usiku amka umguse paji la uso. Ukimkuta ngozi inawaka na maneno yake hayaeleweki, piga 999 uite ambulensi hapo hapo, na umpoze kwa maji wakati mnaisubiri.