Kusoma kriminolojia chuo hapa Kenya bila kupoteza miaka minne

Tuelewane mapema. Siku utasema nyumbani umeitwa chuo kusoma kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, shosho atashukuru Mungu mjukuu ameenda upolisi na mjomba naye ataanza kukuita wakili, na wote wawili wamepotea. Kuwa wakili Kenya lazima usome digrii ya sheria halafu upitie Kenya School of Law, hakuna njia ya mkato. Upolisi nao, kurutu anaingia na D+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwa hivyo hauhitaji digrii ndio uende Kiganjo, chuo cha polisi, na usidanganywe eti ukimaliza unapelekwa DCI, idara ya upelelezi, moja kwa moja kuwa mpelelezi. Hii kozi ni ya kuelewa mfumo wote, kuanzia OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni ya polisi, mpaka geti la gereza, na kazi zake ziko huko katikati: probesheni (kusimamia wakosaji wakiwa nje ya jela), utafiti, mashirika ya haki, usalama kwa makampuni.

Ukichagua kwa KUCCPS, wale wa serikali wanaopangia wanafunzi vyuo, usiangalie jina la kozi peke yake. Egerton wanayo, Dedan Kimathi kule Nyeri wanayo, Masinde Muliro pia, na majina yanabadilika, hapa ni kriminolojia na usalama, pale ni usimamizi wa usalama. Tafuta orodha ya yuniti uisome. Kama hakuna sheria ya jinai, ushahidi na takwimu, mimi ningefikiria mara mbili, maana utatoka ukijua majina ya wazungu waliokufa na basi.

Sasa ile kitu muhimu kabisa, ambayo wengi wanafika fota, mwaka wa nne, hawajawahi fanya: nenda ukae kortini. Ni bure. Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inataka kesi zisikizwe hadharani, kwa hivyo si lazima uwe na barua ya chuo wala ujue mtu. Vaa kiheshima, zima simu, kaa benchi ya nyuma, hakimu akiingia simama. Kuna kesi utaambiwa utoke, kama za watoto na baadhi ya zile za dhuluma za kingono, toka bila maneno.

Anza Jumatatu asubuhi. Siku hiyo ndio msururu unakuwa mrefu, kwa sababu Ibara ya 49 inasema mtu aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya masaa 24, na masaa hayo yakiisha wakati korti imefungwa anasukumwa mpaka siku ya kazi inayofuata, sasa wote waliokamatwa wikendi wanamwagwa hapo pamoja. Karani anasoma mashtaka, tuseme wizi wa simu, halafu anauliza: ni kweli ama si kweli? Jamaa anajibu, "Ni kweli, lakini hiyo simu nilipewa na mtu niiuze." Mafresha wote kwa benchi wanasema huyo amekiri. Hajakiri! Hiyo "lakini" inamaanisha anasema si yeye aliyeiiba, na hakimu makini anaandika amekana, kesi inapangiwa tarehe. Ukirudi chuo fungua tovuti ya Kenya Law utafute Adan dhidi ya Jamhuri, ya 1973. Hiyo ndio kesi iliyopanga hatua za kufuata mtu akikubali mashtaka: asomewe kwa lugha anayoelewa, jibu liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, kiongozi wa mashtaka aeleze ukweli wa tukio, mshtakiwa aulizwe kama anaupinga, na akiupinga ile kukubali inafutwa. Ukiisoma baada ya kumwona jamaa wa simu haitakutoka kichwani hata siku ya eksami, na kuna watu huikariri semista nzima na bado wanapata sapu, ule mtihani wa kurudia.

Beba daftari. Andika nani alikuwa na wakili na nani hakuwa naye, dhamana ilikuwa ngapi, nani alirudishwa rumande kwa sababu hakuipata. Usiandike majina, andika makosa na maamuzi. Ukienda mara kwa mara utaanza kuona mambo lekchara hajasema, na hapo ndio maswali ya projekti yanatoka.

Jambo lingine, soma hukumu yenyewe, achana na samari za WhatsApp. Mfano mzuri ni kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu, Desemba 2017. Utasikia komredi anaandika kwa CAT, ile mitihani midogo ya semista, eti korti iliondoa hukumu ya kifo Kenya. Haikuondoa. Ilichosema ni kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila mtu aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kuangalia hali yake, ni kinyume na Katiba. Adhabu yenyewe bado iko kwa sheria. Halafu 2021 mahakama hiyo hiyo ikarudi kufafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu, si wizi wa kimabavu, maana korti za chini zilikuwa zimeanza kuutumia kila mahali.

Nadharia usiziogope, zilete mtaani. Cohen na Felson walisema 1979 kwamba uhalifu unatokea pale mtu aliye tayari kuufanya anapokutana na kitu cha kuchukua na hakuna wa kuzuia. Sasa fikiria simu iko mkononi, dirisha la matatu liko wazi, jam haisongi. Umemaliza.

Takwimu zinachosha, najua, lakini kaza. Kumbuka tu kwamba namba za uhalifu za polisi ni za yale yaliyoripotiwa. Kaunti ikionyesha kesi zimeongezeka, inaweza kuwa wezi wameongezeka, au dawati la jinsia la polisi limefunguliwa na watu wameanza kuongea. Ukishindwa kutofautisha hayo mawili kwa insha, marks zinaenda.

Atachmenti, yaani mazoezi ya kazi, tuma maombi mapema sana, na barua ya chuo na bima viwe tayari kabla hujaulizwa. Kila mtu anakimbilia DCI. Mimi ningeenda probesheni, kwa sababu huko unashika kazi yenyewe. Korti ikiomba ripoti kabla ya kutoa hukumu, afisa anaenda mpaka nyumbani kwa mshtakiwa, anaongea na familia, majirani, chifu, na mlalamishi pia, halafu anaandika kama huyu mtu anaweza kutumikia jamii badala ya kufungwa, maana sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 inaruhusu hivyo pale kifungo hakizidi miaka 3. Ukiandamana naye mtaani utasikia mama wa mshtakiwa akisema hivi na mlalamishi akisema vile, na lazima yote yaingie kwa ukurasa mmoja au miwili.

Projekti ya fota sasa. Chagua kitu kidogo na unachoweza kufikia. Usiandike "uhalifu Nairobi", andika dhamana kwa makosa madogo katika korti moja. Ukitaka kuhoji wafungwa jua utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, na ruhusa ya Magereza juu yake, na hizo karatasi zinaweza kula semista, kwa hivyo kama hujaanza kuzifuatilia ukiwa mwaka wa tatu, badilisha mada urudi kwa lile daftari lako la korti.