Uviko Ukirudi: Namna ya Kupanga Tahadhari bila Kuwanyang'anya Watu Uhuru Wao

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Uviko-19 si dharura ya kimataifa tena, lakini kirusi chenyewe hakikuondoka, bali huja kwa mawimbi, kila mara kikiwa kimebadilika kidogo. Mkazi wa Dodoma anayesikia kwamba watu wa mtaani kwake wameanza tena kukohoa na kushikwa na homa hana sababu ya kutaharuki, wala hana sababu ya kudharau. Anachohitaji ni kuamua ni tahadhari ipi iwe ya lazima, ipi iwe ya kuombana, na ipi aachiwe mtu mwenyewe. Mwongozo huu unawahusu wenye kaya, viongozi wa vikundi, kamati za misiba na wenye ofisi ndogo, kwa kuwa mara nyingi hao hulazimika kuamua kabla tamko lolote la Serikali halijatoka.

Anzeni na hewa. Kirusi cha Uviko husambaa zaidi kwa chembechembe zinazomtoka mtu anapopumua, anapoongea, anapoimba au anapokohoa, na katika chumba kisichopitisha hewa chembechembe hizo ndogo hubaki zikielea kwa muda mrefu. Mwaka 2020 nguvu yetu kubwa ilikwenda kwenye ndoo za maji tiririka, na kunawa mikono kungali jambo jema, hasa dhidi ya magonjwa ya kuhara, lakini ndoo iliyopo mlangoni haimsaidii mtu aliyekaa saa tatu katika chumba kilichofungwa madirisha. Nasi Dodoma tunapenda kuyafunga, maana kipupwe kikiingia mwezi Juni upepo huja na baridi na vumbi, na abiria wa daladala aliyekaa dirishani huvuta kioo kabla gari halijatoka stendi. Ombeni yafunguliwe madirisha mawili tu, la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, hewa ipite katikati ya gari. Ofisini fungueni mapema asubuhi, na upepo ukizidi acheni wazi yale yasiyoelekea unakotoka.

Kabla ya kuweka sharti lolote, jiulizeni mambo matatu: hewa ya mahali hapo ikoje, watu watakaa pamoja kwa muda gani, na ni nani aliyemo asiyeweza kujikinga. Mtu anayepita Soko la Majengo kununua nyanya hukutana na watu wengi, ila hukaa na kila mmoja kwa dakika chache tu. Wanachama wa kikoba ishirini waliojifungia sebuleni wakihesabu hisa kwa saa mbili, mmoja wao akiwa mjamzito na mwingine mzee mwenye kisukari, wako katika hatari kubwa zaidi ingawa ni wachache. Hapo hakuna haja ya kufuta kikao. Hamishieni mikeka chini ya mti.

Katiba yetu inalitazama jambo hili kwa pande zote mbili. Ibara ya 17 inalinda uhuru wa mtu kwenda atakako, na Ibara ya 30 inasema haki za mtu mmoja zisitumiwe kuvuruga haki za wengine au maslahi ya umma, huku ikiruhusu sheria zinazolinda afya ya jamii. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo imetoa mamlaka ya kudhibiti maambukizi, lakini mamlaka hayo ni ya vyombo vilivyotajwa humo. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mpangaji chumbani, wala katibu wa kikundi hana ruhusa ya kumtenga mwanachama kwa sababu alikohoa. Chanjo pia ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021 ilitolewa kwa hiari, na kwa kuwa faida yake kubwa ni kumkinga aliyechanjwa asiugue sana, sioni hoja ya kumzuia mlangoni asiyechanjwa. Mhimizeni, kisha mwacheni aamue.

Sharti ambalo naona linafaa kuwa la lazima ni moja: mwenye homa na kikohozi asiingie katika kikao cha ndani. Abaki nyumbani mpaka amalize saa 24 bila homa na bila kunywa dawa ya kuishusha, na hali yake kwa jumla iwe inapata nafuu, kisha avae barakoa akiwa karibu na watu kwa siku tano zinazofuata. Sharti hili ni rahisi kulitamka na gumu kulitimiza. Ukimwambia mama lishe asitoke nyumbani siku nne bila kumwuliza watoto wake watakula nini, umemfundisha kuficha ugonjwa. Kikundi kinachotaka mwanachama abaki nyumbani kitoe kitu kutoka mfuko wa jamii, tena kiwe msaada na si mkopo. Mwajiri naye akumbuke kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza zikiwa kwa mshahara kamili, mradi alete cheti cha daktari anayetambulika.

Misiba inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hakuna atakayekubali kuambiwa asimzike ndugu yake, na haifai kumwambia. Wanaume waliokaa nje chini ya turubai hawana shida kubwa. Hatari iko ndani, katika chumba walikokaa wafiwa juu ya mikeka, kinamama wamebanana begani kwa bega, wanaimba na kulia tangu asubuhi, na pazia limeshushwa. Kamati imwombe shangazi au mama mkubwa wa familia, si kijana, aseme kwamba wafiwa wahamie barazani baada ya mazishi, au walau pazia lifungwe pembeni na watu waingie kwa zamu. Chakula kigawiwe katika sahani badala ya sinia. Kushikana mikono si lazima pia. Ukisema "Mbukwenyi" huku umeweka mkono kifuani, hakuna mzee wa Kigogo atakayekuona umemdharau.

Wazee wenyewe waulizwe. Nimeona familia zikimfungia bibi ndani kwa jina la kumlinda, hata ibada asiende, wakati hakuna aliyemwuliza anataka nini. Mjukuu aseme, "Shikamoo bibi, kuna homa inazunguka na kifua chako tunakijua, unaonaje ukikaa karibu na mlango kanisani, nami nikuletee barakoa?" Akikubali, vema. Akikataa, hatari hiyo ni yake kuibeba, ila wajukuu wenye mafua wao wana wajibu wa kutomsogelea.

Tunzeni siri. Inatosha kusema kwamba mtu mmoja aliyehudhuria kikao cha Jumamosi ameugua, bila jina wala dokezo la nyumba yake, kwani Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kujifukiza nyungu ni hiari ya mtu, mradi asiungue na mvuke, na asiifanye kuwa badala ya hospitali. Anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, mwenye maumivu ya kifua yasiyokoma au midomo iliyobadilika rangi apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, na huko watamwelekeza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa ikibidi. Kwa ushauri, simu ya Wizara ya Afya ni 199, bila malipo. Kikohozi kikifika wiki mbili, mgonjwa akapime kifua kikuu pia.

Mwisho, kila tangazo mnalobandika liandikwe tarehe ya kuisha, kwa mfano siku 14 tangu lilipowekwa, na siku hiyo mkutane kulijadili upya. Kama hakuna mgonjwa mpya, anzeni kuondoa masharti yanayowabana watu zaidi, kama vile idadi ya wanaoruhusiwa kuhudhuria na zamu za kuingia, na yasiyomgharimu mtu kitu, kama madirisha kuachwa wazi, yaendelee hata baada ya wimbi kupita.