Somo: Kifuniko kitangulie mafuta, au namna ya kukabili moto wa jikoni katika mapishi ya Krismasi

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam huteremsha watu Moshi usiku na mchana, na jiko ambalo mwaka mzima limempikia bibi na mjukuu mmoja huanza kupikia watu ishirini. Walioshuka wanapanda Marangu, Machame, Kibosho, Uru na Rombo wakiwa na mitungi mipya ya gesi, ndoo za mafuta na kuku waliogandishwa, na tarehe 24 jioni kila mlango wa jikoni unanukia vitunguu. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Moshi. Ninaandika somo hili kwa sababu ya moto niliouona kwa macho yangu kwa shemeji yangu, na kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kupika tangu utotoni lakini hatukufundishwa la kufanya mafuta yanapowaka.

Siku ile shemeji alikuwa anakaanga kuku kwenye karai lililojaa zaidi ya nusu. Wageni walipopiga hodi alitoka kuwapokea, na kwa desturi yetu huwezi kumpokea mgeni aliyetoka mbali kwa kumpungia mkono na kurudi jikoni, basi zikaongezeka salamu, mizigo ikapokewa, watoto wakakumbatiwa. Tulipoingia tena, mafuta yalikuwa yanawaka na ndimi za moto zinalamba ukuta. Binti yake alikwisha kushika ndoo ya maji. Nilimkamata mkono, nikachukua sinia kubwa la bati lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikalisukuma juu ya karai, kisha nikazima gesi. Moto ulikufa palepale. Dakika chache baadaye kaka mmoja, kwa nia njema kabisa, akaliinua sinia ili aone kama umezimika, nao ukalipuka upya na kumbabua nyusi. Hatua zilizo hapa chini zimetokana na dakika zile.

Hatua ya kwanza: andaa kifuniko kabla ya kumimina mafuta

Tafuta kifuniko cha chuma au bati kinacholifunika karai au sufuria yako ukingo kwa ukingo, ukiweke upande wa mkono unaoutumia, wala si nyuma ya jiko ambako itakulazimu kupitisha mkono juu ya moto. Makarai yetu mengi huuzwa bila vifuniko, kwa hiyo sinia la bati lililo pana kuliko mdomo wa karai linatosha kabisa. Kifuniko cha kioo kinaweza kupasuka kwa joto la ghafla, na cha plastiki kitayeyuka. Mimi nimejiwekea sharti kwamba mafuta hayamiminwi mpaka kifuniko kiwe kimeshakaa mahali pake, na wasichana wanaonisaidia kazi wanalijua sharti hilo kuliko wanavyojua viungo vya pilau.

Usijaze mafuta kupita theluthi moja ya kina cha chombo. Kuku aliyetoka kwenye friji ayeyuke barafu yote, kisha akaushwe kwa kitambaa safi, kwa maana maji yaliyojificha kwenye ngozi na viungio vyake hugeuka mvuke mara moja yanapokutana na mafuta, povu likapanda, mafuta yakamwagika ukingoni na kuufikia moto ulio chini. Pazia, gazeti la kufungia maandazi, mfuko wa plastiki na chupa ya mafuta yaliyobaki viondolewe karibu na jiko. Mpishi ajifunge khanga kwa kubana, isiwe na ncha inayoning'inia, na watoto wachezee nje.

Hatua ya pili: kagua gesi

Mtungi usimame wima. Ukishafunga regulata, pakaza maji yenye povu la sabuni kwenye kiungio na kwenye mpira wote mpaka mwisho; mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usikague kamwe kwa kiberiti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nayo hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini, chini ya meza na kwenye pembe, ndiyo maana mtu anaweza kuingia jikoni asinuse kitu usawa wa pua na bado cheche iliyo chini ikawasha chumba kizima. Kwa sababu hiyo usiweke jiko la mkaa lenye makaa karibu na mtungi, jambo linalofanyika sana siku za sikukuu ambapo mtori uko kwenye mkaa na mchuzi uko kwenye gesi.

Hatua ya tatu: kaa na mafuta yako

Mafuta ya kukaangia hufanya kazi vizuri yakiwa na nyuzijoto 170 hadi 190 za Sentigredi. Alizeti iliyosafishwa huanza kutoa moshi ikikaribia nyuzijoto 230, ilhali ile ya kukamuliwa tu, tunayoinunua kwenye madumu ya njano, hutoa moshi mapema zaidi, na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara mbili tatu hutangulia yote. Yakiachwa yaendelee kupanda hadi nyuzijoto 350 na ushei, huwaka yenyewe bila kuguswa na moto wowote. Moshi mwembamba wa rangi ya samawati ndiyo barua ya kwanza: ukiuona, zima jiko na uache mafuta yapoe. Usiongeze vipande vya nyama kwa kudhani vitayapoza.

Mgeni akibisha hodi, zima jiko kwanza. Itakugharimu dakika tatu za kupasha mafuta upya, na hakuna mgeni wa Kilimanjaro atakayekasirika kwa kuambiwa, "Karibu sana, nisubiri nizime moto."

Hatua ya nne: mafuta yakishawaka

Hapa ndipo watu huumia, nami naomba usome polepole.

Usimwage maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama chini ya mafuta yanayowaka, yakakuta joto lililopita mbali kiwango cha kuchemka, yakageuka mvuke kwa kufumba na kufumbua. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka kufikia takriban lita 1,700. Kikombe kimoja cha robo lita, basi, hutoa zaidi ya lita 400 za mvuke, sawa na mapipa mawili makubwa yanayojitokeza ghafla chini ya mafuta ya moto. Mvuke huo huyarusha mafuta juu yakiwa matone madogo, kila tone linawaka, na moto uliokuwa wa karai unakuwa wa dari.

Usilibebe karai kulipeleka nje. Ukitembea, upepo wa mwendo huulaza moto upande wako, mafuta yanakumwagikia mikononi, nawe kwa maumivu utalidondosha mlangoni, penye njia pekee ya kutokea.

Chukua kifuniko kile ulichokiandaa, kikinge mbele yako kama ngao, kisha kisukume kutoka upande wako kuelekea upande wa pili mpaka kifunike mdomo wote. Usikitupe kutoka juu, kwani kinaweza kuangukia ndani na kurusha mafuta. Moto ukikosa hewa unakufa. Zima jiko ikiwa unaweza kufikia kitufe bila kupitisha mkono juu ya ndimi za moto. La sivyo, funga valvu ya mtungi.

Kisha ondoka, uache kifuniko kilivyo. Moto umezimika, lakini mafuta yaliyo chini yake bado yana joto la kuwaka yenyewe, na yanachosubiri ni hewa tu. Hilo ndilo lililompata kaka yetu. Acha yapoe kwa nusu saa kwa uchache, na zaidi kama karai ni la shughuli, mpaka ukisogeza kiganja karibu na pembeni ya karai usisikie joto. Wala usimruhusu mtu mzima yeyote, hata awe baba mwenye nyumba, achungulie.

Hatua ya tano: moto ukikushinda

Ikiwa kifuniko hakipo, au moto umeshika pazia, kabati au dari, toa watu wote nje, funga mlango wa jikoni nyuma yako, na piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taja kata, mtaa au kijiji, alama inayojulikana kama kanisa, msikiti au shule, na kinachowaka. Mpeleke kijana mmoja barabarani kulipokea gari, kwa sababu njia zetu za vihambani zimefunikwa na migomba na dereva mgeni hawezi kukisia ageukie wapi. Magari ya wageni yaliyoegeshwa njiani yaondolewe mara moja. Asirudi mtu ndani kufuata simu, pochi wala nyama.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Sakina, Arusha: Shikamoo mama. Sisi tulifundishwa kuloweka gunia na kulitupa juu ya moto. Je, tumekosea?

Marahaba mwanangu. Hamkukosea kwa kila moto, lakini kwa moto wa mafuta gunia linalochuruzika maji ni hatari ileile ya ndoo, kwa kipimo kidogo tu. Kama huna kifuniko wala sinia, na moto haujatoka nje ya chombo, tumia kitambaa kizito cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone, ukikunje ncha zake juu ya vidole vyako ili zikukinge, kisha ukilaze kuanzia upande wako. Khanga ni nyepesi mno, na blanketi la nailoni litayeyuka. Lakini naomba uende jikoni leo utafute sinia.

Mwanachama wa Majengo, Moshi: Je, moto ukiwaka kwenye regulata ya mtungi wenyewe, nifunikeje?

Lengo lako hapo ni kufunga gesi, wala si kuzima ndimi za moto tu. Kama valvu inafikika na moto ni mdogo, kinga mkono kwa kitambaa kizito chenye unyevu, ufunge. Ukizima moto huku gesi ikiendelea kutoka, umejaza chumba kitu kinachosubiri cheche, na hali hiyo ni mbaya kuliko ile uliyoanza nayo. Ikiwa valvu haifikiki, au mtungi umeanguka ubavu, usipigane nao: toa watu, waende mbali, piga 114. Na ukiingia jikoni ukakuta harufu ya gesi bila moto, usiwashe wala usizime taa, maana swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Funga valvu, fungua milango na madirisha, toka.

Mwanachama wa Rombo: Habari za kazi, mwanangu. Mimi ni bibi wa miaka mingi, jiko langu ni la kuni, na juu ya meko kuna dari la kukaushia kuni na mahindi. Somo hili linanihusu?

Shikamoo bibi. Linakuhusu sana. Kuni na majani makavu yaliyo juu ya meko yamekaukia moshi kwa miaka, na ulimi mmoja wa moto wa mafuta ukiyafikia, huwezi kuyafunika kwa sinia lolote. Ninakuomba vitu vya kukaanga, kama maandazi na kuku, vikaangwe nje uani kwenye jiko lililotulia mahali pasipo na upepo, na meko ya ndani yabaki kwa mtori, machalari na vinavyochemshwa kwa maji. Wajukuu wasichochee kuni kwa mafuta ya taa wala petroli. Kwa moto wa kuni wenyewe maji yanafaa, hivyo ndoo yako ya maji iendelee kukaa palepale, ila kila mtu ajue kwamba si ya karai.

Mwanachama wa Njiro, Arusha: Mtoto wangu alirukiwa na mafuta mwaka jana, jirani akampaka dawa ya meno. Tungefanya nini?

Pole sana, dada. Jirani alitaka kusaidia, lakini dawa ya meno, yai, asali na siagi hufungia joto ndani ya ngozi na kumpa daktari kazi ya kuviosha kwanza. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka, yaliyo baridi ya kawaida, kwa dakika 20 kamili. Barafu hapana. Hata ukichelewa, maji hayo bado yanasaidia ndani ya saa tatu za kwanza. Wakati maji yanatiririka, vua pete, bangili na nguo iliyo huru. Iliyoganda kwenye ngozi iache. Mfunike mtoto sehemu nyingine za mwili asipate baridi, kisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, bila kutumbua malengelenge. Mtoto mdogo, au yeyote aliyeungua uso, mikono, viungio, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huku kwetu Moshi, Mawenzi na KCMC zinafahamika kwa kila dereva wa bodaboda.

Mwanachama wa Kiboriloni: Nina mtungi wa kuzimia moto wa unga, nilionunulia gari. Nautumiaje jikoni?

Uweke karibu na mlango wa kutokea, usiuweke kando ya jiko, ili usilazimike kuupita moto kuufuata. Kagua kama mshale wa kipimo uko kwenye rangi ya kijani. Ukiwaka moto, simama umbali wa mita mbili hivi, chomoa pini, elekeza kwenye kiini cha moto, bana, upepee kushoto na kulia. Ukiwa karibu mno, nguvu ya unga inaweza kuyarusha mafuta yanayowaka kutoka kwenye karai, na hata ukifaulu kuuzima, unga haupozi mafuta, yanaweza kuwaka tena. Kwa hiyo kwa moto ulio bado ndani ya karai anza na kifuniko, na mtungi wako uwe wa moto uliotoka nje ya chombo. Ukishautumia hata mara moja kwa sekunde chache, upeleke ukajazwe upya kabla ya kuurudisha kwenye gari.