Somo: Kukarabati jiko la nyumba ya zamani bila kubomoa mara mbili

Somo hili limetokana na ukarabati wa jiko la wazazi wangu mjini Tanga, chumba cha mita 3 kwa 2.6 kilichojengwa enzi ambazo mapishi yote yalifanyika uani na ndani palihifadhiwa vyombo tu. Marumaru mpya tulilazimika kuzibomoa, kwa sababu fundi alizibandika kabla bomba halijajaribiwa, na kiungio kimoja kikaanza kuvuja ndani ya ukuta.

Hatua ya kwanza ni kumpima mpishi kabla ya kupima chumba. Mafundi wengi huinua meza ya zege hadi sentimita 90 bila kumwuliza mtu, ilhali mama yangu ni mfupi, na kwa kimo hicho angepandisha mabega kila anaposukuma chapati. Mpishi asimame wima akiwa amevaa kandambili zake za jikoni, akunje mkono, kisha upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko na kutoa sentimita 10 hadi 15. Kwetu zilipatikana 82. Mtazame pia akipika kwa siku nzima. Sisi ndipo tulipogundua kwamba sufuria ya wali, ikishaepuliwa, ilikuwa ikiwekwa sakafuni kwa kukosa mahali, tukaacha nafasi ya sentimita 50 mezani kila upande wa jiko la kupikia.

Hatua ya pili ni bomba na umeme, vyote kabla ya lipu. Bomba la maji machafu literemke kama sentimita 2.5 kwa kila mita, na chini ya sinki pawekwe kile kipinde kinachobaki na maji ndani yake, kwani ndicho kinachozuia harufu ya chemba isirudi jikoni. Mabomba ya maji safi yafungwe ncha, yajazwe maji na kuachwa usiku kucha. Asubuhi kila kiungio kipanguswe kwa kitambaa kikavu, na kitambaa kikilowa, fundi wa lipu asubiri. Soketi zikae juu ya meza na mbali na sinki, na oveni ya umeme iwe na waya wake pekee kutoka kwenye kisanduku cha swichi kuu. Piga picha za kuta zikiwa wazi, maana miaka mitano baadaye hakuna atakayekumbuka waya ulipopita.

Hatua ya tatu ni meza yenyewe. Msikubali mchanga wa baharini hata ukiwa wa bure, kwa kuwa chumvi yake hula nondo. Zege limwagiliwe maji kwa siku 7 mfululizo, na hapa ndipo familia nyingi hushindwa kuvumilia.

Marumaru, grauti (ile saruji ya kuziba mianya kati ya marumaru) na rangi hufuata, na sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba marumaru za sakafuni ziwe na mkwaruzo kidogo ili zisiteleze zikimwagikiwa mafuta. Makabati yakae juu ya kitako cha zege cha sentimita 10, kwani ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ukinywa maji ya dekio huvimba na haurudi tena, na kwa nyumba za pwani bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mtoa somo. Mtungi wa gesi nikiuficha ndani ya kabati kuna ubaya?

Jibu: Marahaba. Ubaya upo, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini na kujaa humo kabatini. Uwekwe nje, wima, kivulini, na mpira upitishwe ukutani ndani ya kipande cha bomba. Viungio vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Swali: Bibi hataki maharage yaliyopikwa kwa gesi. Jiko la mkaa nalo liingie ndani?

Jibu: Bibi asilazimishwe, lakini mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo mjengeeni kibaraza chenye paa uani, karibu na mlango wa jiko, ili asitengwe na wenzake.

Swali: Mimi ni mpangaji na mwenye nyumba haruhusu kuvunja chochote. Nifanyeje?

Jibu: Pima kiwiko vilevile, kisha umwagize seremala meza ya mbao ya kimo hicho, yenye rafu chini. Siku ukihama, utahama nayo.